Pepa Tu, Mwana

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa bingwa wa kusali. Ndivyo walivyosema wenzangu wa darasa la kipaimara, na mwinjilisti wetu hakukataa. Wenzangu wakisimama walisema maneno matatu manne wakakaa. Mimi nilianza na "Ewe Mwenyezi uliyetukuka, mfalme wa mbingu na nchi," halafu nikateremka taratibu, nikapita kwa wagonjwa, kwa wasafiri, kwa viongozi wa taifa, kwa ndugu zetu wanaopigania uhuru kusini mwa Afrika, mpaka wazee waliofumba macho wakaanza kufumbua jicho moja moja kuangalia kama bado nimesimama. Maneno yenyewe sikuyatoa moyoni. Niliyaokota kwenye redio ya baba, kwa watangazaji wenye sauti nzito, nikayapanga ninavyojua.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mlowo. Kilikuwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Nyumbani tulisema Kinyiha. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha mikutano na cha kanisa. Kwa hiyo niliamini, bila kufundishwa na mtu, kwamba Mungu naye anasikia Kiswahili, na anachokipenda zaidi ni kile cha redio.

Baba alikuwa dereva wa trekta la kijiji. Kwetu sisi watoto hicho kilikuwa cheo kikubwa kuliko cha mwenyekiti, maana mwenyekiti alitembea kwa miguu. Baba aliniruhusu kukaa juu ya bampa la tairi la nyuma tukitoka shambani, na huko juu ndiko nilikoota ndoto yangu: nitakuwa dereva wa lori kubwa, nitabeba kahawa kutoka Mbozi mpaka Dar es Salaam, nitavaa miwani myeusi, na nikipita Mlowo nitapiga honi mara tatu ili mama ajue mwanawe amepita. Mama alicheka akasema msichana wa kuendesha lori hajazaliwa bado. Baba akasema labda amezaliwa ila bado hajamaliza darasa la saba.

Halafu siku moja asubuhi, wakilima shamba la kijiji, plau ilinasa kwenye kisiki. Baba akashuka kukitoa. Trekta likarudi nyuma kidogo tu, wasemavyo waliokuwepo, hatua moja ya mtu mzima, na mguu wake wa kushoto ukabaki kati ya plau na kile kisiki. Walimbeba kwenye machela ya miti mpaka barabarani, lori la kahawa likamchukua kumpeleka hospitali ya misheni. Mama alipanda pamoja naye akiwa na khanga moja na kikombe.

Tulibaki watoto watatu, mimi mkubwa. Nyumba iliyofuata kwenye mstari wetu ilikuwa ya baba mdogo, na mkewe, mama mdogo, akatuchukua.

Huyu mama mdogo ndiye ninayetaka kuwaeleza. Baba mdogo alikwenda kufanya kazi migodini Zambia, akakaa miaka, na aliporudi alipita Tunduma na begi moja, sufuria kubwa, na mke. Mke huyo alitoka upande wa Kasama, Mbemba. Alikuwa kijana bado, labda miaka ishirini na miwili. Alikuwa kwetu miezi minne tu, na Kiswahili alikisema kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Palipokosekana jiwe alikanyaga Kibemba. Sisi watoto tulimcheka. Alisema "moto analala" na "maji amekuja". Mimi, bingwa wa Kiswahili cha redio, ndiye niliyeongoza kumwiga. Naandika hilo kwa aibu.

Alhamisi ya kwanza baada ya ajali nilikwenda darasa la kipaimara kama kawaida. Mwinjilisti akasema leo tutamwombea baba wa mwenzetu, na mwenyewe atatuongoza. Nikasimama. Nikasema, "Ewe Mwenyezi uliyetukuka," kisha nikasimama hapo hapo. Nilitafuta wagonjwa, sikuwaona. Nilitafuta wasafiri, sikuwaona. Nilichokiona ni kiatu cha baba, kile cha kushoto, ambacho watu walikirudisha nyumbani na nilikuwa nimekiosha mimi. Kuku wa jirani wakasikika. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye hata yeye hakuwa mbaya, akanong'ona, "Leo redio imeisha betri."

Wakacheka. Mwinjilisti akawakemea, akamalizia sala yeye. Lakini mimi nilikuwa nimeshatoka.

Nilifika nyumbani nikilia. Mama mdogo alikuwa jikoni akimenya viazi, na moto ulikuwa unazimika, moshi mtupu. Nikakaa karibu na mafiga nikamwambia, kwa maneno yaliyokatikakatika, kwamba siwezi tena, mguu wa baba, sijui nifanye nini. Aliniangalia sana. Akaacha kiazi. Akasema, "Pepa, mwana. Pepa tu."

Nikamwangalia. Nikauangalia moto. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikaanza kupepea.

Nilipepea kwa hasira, na moto ukawaka. Moyoni nilisema, basi huyu ndiye mama mdogo tuliyeletewa kutoka ng'ambo: baba yangu yuko hospitali, na yeye anachoona ni moto wake. Yeye aliinama akaendelea na viazi, akawa anasema maneno ya Kibemba kwa sauti ndogo, peke yake, kama mtu anayenung'unika.

Ikawa hivyo kila siku. Nikirudi kutoka kisimani uso umevimba, "Pepa, mwana." Nikikaa mlangoni nimeshika tama, "Umepepa leo?" Namjibu, "Nimepepea, mama mdogo." Anatikisa kichwa, ameridhika. Nikaona kwamba nimepata bwana wa kazi. Hata Kiswahili chake nilikirekebisha mdomoni mwangu bila kumwambia: hajui kusema pepea, anasema pepa. Na ule mnung'uniko wake haukwisha. Akisaga, ananung'unika. Akichambua maharage, ananung'unika. Siku moja, akitwanga, nilisikia jina langu humo ndani ya Kibemba, kisha jina la mdogo wangu, kisha la yule wa mwisho. Nikamwambia mdogo wangu, unasikia, anatusengenya mbele yetu kwa kuwa hatuelewi. Tukakubaliana kwamba mama akirudi tutamshtaki.

Siku ya kumi na moja baba mdogo alirudi kutoka Mlowo kwa baiskeli, na barua. Mama hakujua kuandika. Muuguzi alimwandikia, kwa mwandiko mzuri wa kulala. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti, maana baba mdogo alisahau shule zamani. Barua ilisema kidonda kimeharibika. Daktari amesema mguu utakatwa kesho kutwa, chini ya goti, na usipokatwa utafuata mguu wote na mtu mwenyewe. Ilisema mtoto mkubwa aje na unga na shuka, amsaidie mama kuuguza.

Ilikuwa mchana. Siku hiyo tulikuwa tumekula viporo vya viazi, baridi, na hakuna mtu aliyekuwa amewasha jiko tangu asubuhi. Nikakunja barua. Sikulia hata, nilikaa tu. Mama mdogo akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akasema kama siku zote, "Pepa, mwana. Pepa tu."

Hapo nilichoka na adabu. Nikamwambia, "Nipepee nini, mama mdogo? Moto wenyewe hakuna."

Akageuka akayaangalia mafiga. Majivu matupu. Akanirudia.

"Moto gani?"

"Moto wako. Unaniambia kila siku nipepee."

Alihesabu kitu kichwani, na nikaona uso wake unabadilika polepole. "Awe, awe," akasema, ambayo kwao ni hapana. "Si moto. Kupepa. Kwetu kupepa ni," akatafuta jiwe la kukanyaga, hakuliona, akaweka viganja pamoja kifuani akainamisha kichwa. "Kuongea na Lesa."

Lesa nilimjua, jirani zetu Wanamwanga wanamwita hivyo hivyo kwa namna yao. Ni Mungu.

Kuna vitu vinaingia kichwani kimoja kimoja, na kuna vinavyoingia vyote kwa mlango mmoja. Siku kumi na moja yule mwanamke alikuwa ananiambia niombe, na mimi namwashia moto. Nikamuuliza, "Na unapotwanga, unaposema majina yetu?"

"Napepa," akasema, kana kwamba nimemuuliza kama maji ni maji. "Napepea ninyi. Baba yenu. Mama yenu njiani. Wewe zaidi, una kichwa ngumu."

Nikaanza kucheka na kulia pamoja, mambo ambayo sikujua yanawezekana. Yeye akacheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo maana," akasema, akifuta macho kwa ncha ya kitenge, "ndiyo maana ugali yangu inaiva haraka wiki hii." Baba mdogo akaja kuuliza kuna nini, tukamweleza, naye akacheka akanionya nikumbuke kulikata lile neno fupi. Kule Kasama, alisema, ukiliburuta likawa refu linageuka kuvuta tumbaku. "Ukilivuta neno," akasema, "umevuta sigara."

Jioni ile kabla jua halijazama nilimwambia mama mdogo ukweli wote: kwamba sala yangu imekwisha, kwamba nikisema Ewe Mwenyezi naona kiatu. Nilitegemea atanifundisha sala ndefu zaidi. Hakunifundisha kitu. Aliwasha moto, akanipa kile kifuniko cha sufuria.

"Usiache," akasema. "Mkono ipepee, moyo ipepe. Maneno ndogo tu. Ukiona kiatu, sema kiatu."

Nikapepea. Nikasema, "Mungu, kiatu." Nikapepea tena. "Mungu, mguu." Hiyo ndiyo sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, na ndiyo ya kwanza iliyotoka kwangu mwenyewe. Sikujisikia mtakatifu. Nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo.

Ninyi mlio na umri niliokuwa nao, huenda mnadhani kuomba wakati wa shida ni kazi ya wale wenye maneno. Nami nilidhani hivyo. Lakini nilimtazama yule mama mdogo, mgeni, lugha yake haieleweki na jirani hata mmoja, watoto wa shemejiye wanamwiga nyuma ya mlango, na kila siku alikuwa anawabeba wote mbele za Mungu huku anachambua maharage. Hakuna aliyemsikia, na aliyemsikia alidhani anasengenya. Mimi nimemaliza darasa la saba tu, sijasoma mambo makubwa, lakini nikiulizwa nimemwona nani akisali, huwa nasema ni huyo.

Kesho yake nilipanda lori Mlowo, juu ya magunia ya kahawa, unga kwenye mfuko, shuka kifuani. Nilifika hospitali siku walipomkata. Sikuruhusiwa kumwona mpaka siku iliyofuata. Njia nzima nilikuwa nimeomba mguu. Nilimwambia Mungu waziwazi: ni huu wa kushoto, usichanganye. Nilipoingia wodini nikaona blanketi limelala bapa pale ambapo mguu ulitakiwa kuwepo.

Sitawadanganya. Nilikasirika. Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba za kuanikia mashuka, na niliyomwambia Mungu pale hayafai kuandikwa, lakini nilimwambia yeye, sikumwambia mtu mwingine. Baadaye mama mdogo aliniambia hiyo nayo ni kupepa.

Nikarudi ndani. Baba alikuwa na homa kali, anaweweseka, anamfokea mtu asiyekuwepo azime mashine. Na nzi walikuwa wengi. Nyakati zile dawa za nzi hazikuwepo, hata sabuni tulipanga foleni. Mama alikuwa hajalala siku tatu, macho yake yamekuwa madogo. Nikamwambia alale kidogo chini ya kitanda, akalala kabla sijamaliza kusema. Mimi nikaokota kipande cha boksi, nikakaa karibu na kisigino kilichobaki, nikaanza kupepea.

Nilipepea mchana huo, na siku iliyofuata, na nyingine. Kila pigo moja la boksi, neno moja. Mungu, homa. Mungu, baba. Mungu, mama alale. Mkono wa kulia ukichoka nahamia wa kushoto, na neno linahama nao. Mzee wa kitanda cha pili, Msafwa, kidonda chake mgongoni, aliniangalia muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Binti, upepo wako ukibaki, nisogezee na mimi." Nikasogeza kigoda katikati. Nikamuuliza anataka nimwombee nini, akasema, omba tu nisioteshwe mizizi hapa kitandani. Nikasema, Mungu, huyu mzee asiote mizizi. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi ya siku ya nne baba alifungua macho. Yalikuwa macho yake, si ya homa. Alinitazama, akalitazama boksi.

"Nani kakutuma kazi hiyo?"

"Mama mdogo."

Kisha akauliza, "Trekta je, limepona?"

Nikajua amerudi.

Baadaye, mama alipokwenda kuchota maji, aliinua blanketi kidogo akaangalia, akalishusha. Akaniambia, bila kunitazama, "Ndio mguu wa klachi." Nilielewa. Trekta halimtaki mtu asiyekuwa na mguu wa klachi. Nikaendelea kupepea, na maombi yangu wakati ule yalikuwa hilo hilo neno: Mungu, klachi. Nilijiona mjinga kidogo, kumtajia Mungu vyuma. Lakini ndicho kilichokuwepo.

Alirudi nyumbani na magongo mawili wakati mahindi yanatoa mbelewele. Mama mdogo alikuwa amefagia uwanja wote. Nilimwambia baba kisa cha moto mbele ya watu, na mimi ndiye niliyejicheka kwanza. Wenzangu wa kipaimara walilipenda lile neno wakalichukua. Alhamisi wakawa wanaliburuta, twendeni tukapepe. Mwinjilisti alihangaika kidogo, maana mpita njia mmoja kutoka Tunduma aliyesikia Kibemba alimpelekea habari kwamba vijana wake wanakwenda kuvuta tumbaku. Ikabidi mama mdogo aitwe kanisani aeleze. Akasimama mbele ya wazee wote, Kiswahili chake kile kile cha mawe na maji, akaeleza, na hakuna aliyecheka. Yule mvulana wa betri ndiye aliyemwomba atuongoze sala ya mwisho. Akasali Kibemba. Hatukuelewa neno, ila majina yetu tulikuwa tunayasikia, moja moja, kila mtu la kwake.

Kijiji hakikuwa na dereva mwingine. Waliazima mmoja kutoka kijiji cha pili, akaharibu gia, akarudi kwao. Mvua zilikuwa zinakaribia. Mwenyekiti akaja kwetu kumuuliza baba ni nani anaweza kufundishwa haraka. Baba aliangalia magongo yake. Kisha akaniangalia mimi, nikiwa nimekaa jikoni kwa mama mdogo na kifuniko mkononi, nimeshamaliza darasa la saba, shule nyingine sikuchaguliwa, na bado naota miwani myeusi.

Mwenyekiti akasema, "Msichana?"

Baba akasema, "Mguu wa kushoto anao."

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akapanda kwenye bampa la tairi, pale nilipokuwa nakaa mimi, magongo akayafunga kwa kamba nyuma. Watu walikuja kutazama, wengine wakisubiri kucheka. Mama alisimama mbali amejifunika mdomo kwa khanga. Mama mdogo alikuwa akichambua mchicha mlangoni kwake, na midomo yake ilikuwa inatembea.

Injini ikanguruma. Nikakanyaga klachi mpaka chini.

Baba akainama sikioni. "Umepepa?"

"Nimepepa."

"Haya. Iachie taratibu."